Gharama Iliyo Chini ya Kiti

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati nchini Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na jioni yake simu za ndugu huanza kuita. Tangu lita moja ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 jijini Dar es Salaam mwaka 2022, mazungumzo ya familia nyingi yamehamia kwenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, hasa zile van za watu saba zinazoonekana kumaliza shida mbili kwa mpigo: watoto wanaenea, na tangi halikauki upesi. Noah ya haibridi, Voxy ya haibridi, Estima ya haibridi. Safari hii aliyepiga simu alikuwa mtoto wa kaka yake mwandishi wa kumbukumbu hii, kijana mwenye watoto watatu, anayeishi Kibaha na kufanya kazi Posta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nimeiona van ya haibridi yadini. Wewe uliwahi kuwa nayo. Niichukue?"

Shangazi hakuweza kumjibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Alikuwa amemiliki gari la namna hiyo kwa miaka kadhaa, likampeleka shuleni, sokoni, misibani na harusini, kabla ya kuliuza kwa mtu aliyeelezwa kila kitu kulihusu. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa refu kuliko muda wa maongezi uliobaki kwenye simu. Linaandikwa hapa kwa sababu swali la kijana huyo linaulizwa sasa na watu wengi, na wengi wao hujibiwa kwa sentensi moja tu: haibridi inakula mafuta kidogo. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inaishia kwenye kituo cha mafuta, na maisha ya gari huendelea mbele ya hapo.

Van ya shangazi ilikuwa imetumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kupanda meli, na hesabu ya kwanza inaanzia hapo. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia nchini, hivyo haibridi zinazoshushwa Mombasa bado zina ujana. Tanzania haizuii, inatoza. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, gari dogo la abiria lililopita miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi miaka kumi ushuru huo hupanda tena. Mnunuzi wa Dar es Salaam hulipia uzee wa gari mara mbili, kwanza kwa mamlaka ya mapato, TRA, halafu kwa fundi. Kwa gari la petroli tupu, uzee huo umo kwenye vitu ambavyo kila gereji ya mtaani inavifahamu: bushi, shokapu, plagi, rejeta. Kwenye haibridi kuna kitu kingine kinachozeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu kivulini.

Kitu hicho ni betri kubwa. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, na Juni 2001 ikatoa Estima ya haibridi, van ya kwanza ya aina hiyo kuingia sokoni. Estima ya kizazi kilichofuata, ya mwaka 2006, ina injini ya lita 2.4 na mota ya ziada inayozungusha magurudumu ya nyuma. Noah na Voxy zilipata haibridi Januari 2014, nazo zikachukua mtambo wa Prius: injini ya lita 1.8 pamoja na betri ya volti 201.6, iliyolazwa chini ya viti vya mbele. Betri hizo ni za nikeli. Ndani ya ile ya volti 201.6 kuna moduli 28, kila moja ikiwa na seli sita za volti 1.2. Zote zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo moduli moja ikichoka, nguvu ya zote ishirini na nane hushuka hadi pale ilipofika ile dhaifu.

Miezi ya kwanza na van ile ilikuwa ya raha tupu. Kwenye foleni ya Mwenge injini ilizimika yenyewe, kiyoyozi kikaendelea kupuliza, gari likasogea kwa umeme kidogo kidogo nyuma ya daladala. Haibridi hupata faida pale pale ambapo magari mengine hupata hasara: kila breki inapokanyagwa, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndani ya jiji mwandishi alijikuta akipita kituo cha mafuta karibu nusu tu ya alivyozoea na van yake ya zamani. Kutoka Chalinze hadi Segera, gari likienda kasi moja bila kusimama, tofauti ilipungua sana. Noah ya haibridi ilipata kilomita 23.8 kwa lita kwenye vipimo vya Japani, lakini hivyo ni vipimo vya maabara, vya mwendo wa upole, bila ndugu saba na mizigo yao. Mtu wa Kibaha anayeingia mjini kila asubuhi na kukaa foleni ya Kimara atafaidi. Anayepeleka abiria Tanga na kurudi asitegemee muujiza. Mwandishi angependa kila mnunuzi aanze kwa kujiuliza njia yake ni ipi, kabla hajauliza rangi.

Asubuhi moja gari lilikataa kuamka. Kitufe kilibonyezwa, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, nyingine zikapepesa, kisha kimya. Jirani aliyekuja kusaidia alitoa hukumu papo hapo: "Mama, betri kubwa hiyo imekufa. Andaa mamilioni." Fundi wa umeme aliyefika baadaye, mtu wa makamo aliyejifunza haibridi kwa kuzifungua na kuzifunga, hakusema neno mpaka alipoweka mita yake kwenye betri ndogo ya volti 12. Ilisoma chini ya 11. Akaiunganisha na betri nyingine, gari likaamka, na taa zikazimika moja baada ya nyingine.

Haibridi ya namna hii haina stata ya kawaida wala oltaneta. Betri ndogo haizungushi injini kabisa. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoruhusu umeme mkubwa upite. Ikilegea, kompyuta hukosa umeme wa kutosha na kuwasha taa za hitilafu ambazo hazina uhusiano wowote na ubovu halisi. Kwa hiyo dalili za kitu cha bei ya chini zinafanana na dalili za kitu cha bei ya juu, na kwa mtu asiyejua, hofu humsukuma kulipa kabla ya kupimiwa. Tangu asubuhi ile mwandishi hakukubali tena hukumu ya macho. Kila aliyetaja betri kubwa aliombwa kwanza aonyeshe namba. Betri ndogo nayo haiokotwi popote: kwenye haibridi nyingi hukaa ndani, pamoja na abiria, hivyo hutakiwa iwe ya aina iliyofungwa, yenye njia ya kutolea gesi nje. Bei yake iko juu kuliko ya betri ya kawaida, na gari likiachwa wiki kadhaa bila kuwashwa, hiyo ndiyo ya kwanza kufa.

Somo kubwa zaidi lilikuja kiangazi kimoja kwenye njia ya Handeni. Msiba uliita ukoo, van ikajaa watu, mablanketi, ndoo, na gunia la mchele lililoegemezwa nyuma ya kiti cha mbele. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu mzee mmoja ndani ya gari hakupenda kiyoyozi, na vumbi jekundu likaingia lilivyotaka. Kabla ya kufika, feni ilianza kulia chini ya kiti, sauti nyembamba isiyokoma. Kisha gari likapoteza nguvu kwenye mwinuko, na taa ya hitilafu ya haibridi ikawaka.

Betri ya nikeli hupozwa kwa hewa. Feni hunyonya hewa ya ndani ya gari, ile ile wanayovuta abiria, kupitia matundu yaliyo chini karibu na viti, na kuipitisha katikati ya moduli. Matundu yakizibwa, joto linabaki ndani, na joto ndilo linalopunguza umri wa seli za nikeli kuliko kitu kingine chochote. Moduli za katikati hupata joto zaidi kuliko za pembeni, ndiyo maana mara nyingi huwa za kwanza kuchoka. Waliporudi Dar, fundi alitoa viti, akafungua feni, akaonyesha mapezi yake: vumbi, nywele, manyoya ya mablanketi, vyote vimeshikana kama kitambaa. Akasafisha kwa brashi na upepo. Kazi ile haikuhitaji spea hata moja.

Watengenezaji wanaonya kuhusu matundu hayo kwenye kitabu cha maelekezo. Kitabu kilichokuja na van ile kilikuwa kwenye droo ya mbele tangu siku ya kwanza, kimeandikwa kwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Maelfu ya magari yanatembea Afrika Mashariki yakiwa na maonyo yake ndani, kwa lugha ambayo dereva wake hawezi kuisoma. Kuyatafsiri kwa Kiswahili, hata kurasa chache tu zinazohusu betri, kungeokoa fedha nyingi za watu wa kawaida, na mwandishi anashangaa kwamba wauzaji wanaochapisha kalenda za ukutani kila mwaka hawajafanya hivyo. Kwa ukanda wa pwani jambo la kwanza kuandika lingekuwa hili: funga madirisha, washa kiyoyozi. Hewa baridi ya abiria ndiyo hewa baridi ya betri.

Njia za milimani nazo zilifundisha. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo, breki hurudisha umeme mpaka betri inajaa, kisha haina pa kuuweka. Hapo mota haiwezi tena kulishika gari kwa nguvu ile ile, na mzigo wote huhamia kwenye breki za kawaida. Kwenye kishikio cha gia kuna herufi B, ambayo huifanya injini ilishike gari. Abiria walishtuka injini iliponguruma wakati mguu wa dereva hauko kwenye mafuta, lakini ndivyo inavyotakiwa. Kwa upande mwingine, pedi za breki kwenye haibridi hudumu sana kwa sababu ya msaada wa mota. Kinachouma ni mtambo wa breki wenyewe, ule wenye pampu na kompyuta yake, ambao ukiharibika bei yake huweza kuzidi ya giaboksi iliyotumika ya gari la kawaida.

Pamoja na usafi ule wa feni, taa ilirudi baada ya miezi. Mashine ikasoma P0A80, msimbo ambao kila fundi wa haibridi anaufahamu, maana yake betri kubwa imechoka. Gereji moja ilipendekeza kubadili moduli zilizokufa pekee, na mwandishi akakubali. Njia hiyo ni ya gharama ndogo na kuna nyakati inafaa, kwa mfano kumfikisha mtu mwisho wa mwaka wakati anakusanya fedha. Lakini moduli zinazobaki zina umri ule ule na zimekaa kwenye joto lile lile. Ikichanganywa moduli yenye afya na zilizochoka, kila moja hujaa na kuisha kwa wakati wake. Kompyuta hulinganisha moduli mbili mbili, jozi kumi na nne kwa jumla, na ikiona jozi moja inashuka haraka kuliko wenzake huwasha taa. Ndivyo ilivyotokea: taa ilirudi, safari hii kwa moduli nyingine. Fundi wa makamo alipoulizwa hakumsema vibaya mwenzake. Alisema mteja alikuwa amenunua muda, na muda huo sasa umekwisha.

Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni betri nzima iliyotumika, iliyong'olewa kwenye gari lililogongwa Japani, ambayo umri wake haujulikani mpaka ipimwe. Ya pili ni mpya. Huko Marekani betri mpya ya Prius kutoka kwa muuzaji rasmi imekuwa ikigharimu zaidi ya dola 2,000 kabla ya ufundi, na bado hapo mteja anatakiwa arudishe ya zamani. Kuifikisha Dar es Salaam kuna usafiri, ushuru na faida ya muuzaji juu yake. Mwandishi alichagua mpya. Malipo yale yalimeza karibu kila shilingi iliyokuwa imeokolewa kwenye mafuta hadi siku ile, na akiba ikaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri.

Jambo moja katika hesabu hii halisemwi vya kutosha yadini. Kwa miaka mingi Toyota iliidhamini betri ya haibridi nchini Marekani kwa miaka minane au maili 100,000. Kuanzia magari ya mwaka 2020 ikaongeza hadi miaka kumi au maili 150,000, ambazo ni kama kilomita 240,000. Huyo ni mtengenezaji mwenyewe, mwenye takwimu za mamilioni ya magari, na miaka kumi ndiyo aliyokuwa tayari kuahidi. Dar es Salaam watu wananunua gari likiwa na miaka kumi. Dhamana yake haikupanda meli nalo. Betri nyingi huvuka umri huo salama, na zipo za teksi zilizotembea mbali sana kwa sababu hazikukaa bure wala kukosa hewa. Hata hivyo, anayenunua haibridi ya miaka kumi amenunua gari ambalo betri yake mtengenezaji mwenyewe haitolei tena ahadi, na bei anayokubali iseme hivyo.

Kwenye benchi la gereji ile mwandishi alikutana na dereva mmoja aliyeleta van ya haibridi ya lita 1.8. Kila asubuhi, alisema, injini ikiwaka inatetemeka kama dakika moja, kisha inatulia na siku nzima haina shida. Maji yalikuwa yanapungua bila kuonekana yanapovujia, naye alikuwa akiongeza ya bomba. Fundi alimsikiliza, akatikisa kichwa, akamwonyesha kipoza moshi kilichotolewa kwenye gari jingine la aina hiyo: njia zake zilikuwa zimezibwa na masizi meusi, magumu.

Tatizo hilo linajulikana duniani kote kwa injini ya 2ZR-FXE, ile ya Prius ya kizazi cha tatu. Ili kuokoa mafuta, sehemu ya moshi hupozwa na kurudishwa ndani ya injini. Masizi yakijaa kwenye kipoza na kwenye njia za kuingizia hewa, moshi haugawiki sawasawa, baadhi ya silinda hupata joto kuliko nyingine, na mwishowe gasketi ya silinda hedi huungua. Maji huanza kupenya ndani ya silinda usiku gari likiwa limelala, na ndiyo sababu ya mtetemo wa asubuhi. Kusafisha kipoza hicho kabla ya dalili ni kazi ya siku moja. Kufungua silinda hedi ni kazi ya siku nyingi, na ikiwa injini imeshapinda hedi, watu hununua injini nyingine. Wenye Estima ya lita 2.4 wana jambo lao tofauti: injini za familia ya 2AZ za miaka ile zina historia ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Nchini Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yake yenye injini ya familia hiyo. Mwenye injini hiyo anapima oili mara kwa mara, hangoji taa.

Maji ya kupozea yanahitaji uangalifu zaidi kwenye haibridi, kwa sababu kuna mizunguko miwili ya maji. Mmoja ni wa injini. Wa pili ni wa inveta, kile kisanduku kinachobadili umeme wa betri ili uzungushe mota, na una pampu yake ndogo ya umeme. Pampu hiyo ikisimama, inveta hupata joto, na inveta ni kati ya spea ghali kabisa ndani ya gari. Novemba 2012 Toyota iliita zaidi ya magari 600,000 ya haibridi duniani yarudishwe kurekebishwa kwa ajili ya pampu hiyo, na Februari 2014 ikaita Prius milioni 1.9 kurekebisha programu iliyoweza kuharibu sehemu za inveta kwa joto. Gari lililotoka Japani huenda lilirekebishwa huko, huenda halikurekebishwa. Tovuti ya Toyota ya Japani inaruhusu mtu kuingiza nambari ya chasisi na kuona. Wanunuzi wengi huku hawaambiwi kwamba nafasi hiyo ipo.

Haibridi nyingine zina mambo yake mazito zaidi. Chrysler Pacifica ya haibridi, van ya kuchaji kwa waya iliyouzwa Marekani na Kanada, iliitwa Februari 2022 kwa magari ya miaka ya 2017 na 2018. Wenye magari hayo waliambiwa wasiyachaji na wayaegeshe nje, mbali na nyumba, kwa sababu yaliweza kushika moto hata yakiwa yamezimwa. Ndugu walioko huko na wenye van hiyo hawana budi kukagua nambari zao. Betri za nikeli za van za Kijapani zinazokuja kwetu ni za kemia tofauti na hazina historia ya namna hiyo.

Siku nyingine kiyoyozi cha van ya mwandishi kilipungua baridi. Kijana wa kiyoyozi, mwenye bidii na vifaa vizuri, alikuwa tayari na chupa ya oili mkononi fundi wa makamo alipomzuia. Kompresa ya haibridi inazungushwa na umeme mkubwa, haina mkanda. Oili yake haipitishi umeme, na kwenye magari ya Toyota huitwa ND-11. Oili ya kawaida ya kiyoyozi ikichanganyika humo, kinga ya umeme hushuka, kompyuta huona umeme unavuja, na gari zima linaweza kukataa kuwaka. Kijana hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia. Siku hiyo hiyo alionyeshwa nyaya za rangi ya machungwa, akaelezwa kwamba zina umeme wa kuua, kwamba lazima plagi ya usalama ichomolewe, glavu za mpira za umeme zivaliwe, na mtu asubiri dakika kumi kabla ya kugusa. Alisikiliza kwa makini sana, akaomba kurudi wiki iliyofuata kujifunza zaidi. Mwandishi anamkumbuka kijana huyo kila anaposikia mtu akisema haibridi hazifai kwa Afrika. Gari linafaa. Walionyimwa maarifa ni mafundi, na mafundi wenyewe wanayataka.

Basi shangazi na mpwa walikwenda yadini pamoja, wakiwa na yule fundi wa makamo. Walifika asubuhi mapema, wakaomba gari lisiwashwe kabla yao, ili wasikie injini ikiwa baridi. Haikutetemeka. Fundi akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, namba za jozi kumi na nne zikatokea kwenye simu yake. Gari likiwa limesimama zilikuwa karibu sawa. Walipotoka barabarani na kukanyaga mafuta kwa nguvu, jozi mbili zilishuka haraka kuliko nyingine, na breki ilipokanyagwa hizo hizo zikawahi kupanda. Muuzaji alisema gari linatembea vizuri na hakuna taa inayowaka. Yote mawili yalikuwa kweli. Msimbo ukifutwa leo, taa huweza kukaa siku kadhaa kabla ya kurudi.

Wakaiacha, wakaenda yadi ya pili, na kwenye van ya huko jozi zote zilipanda na kushuka kwa pamoja. Feni ilikuwa na vumbi la kawaida, na maji ya inveta yalikuwa ya rangi ya waridi yanavyotakiwa kuwa, yamefika alama. Nambari ya chasisi ikanakiliwa. Kijana akaombwa na shangazi yake aongeze bei ya betri mpya juu ya bei ya gari, kana kwamba anaifunga mwezi huu, halafu ajibu kama bado anaitaka. Alikaa kwenye ngazi za ofisi ya yadi akipiga hesabu: foleni ya Kimara mara mbili kwa siku, ada, kodi ya nyumba. Alisema anaitaka, kwa bei iliyopungua kidogo, na muuzaji akakubali kupunguza. Fungu la betri ataliweka pembeni kila mwezi kutoka kwenye akiba ya mafuta.

Swali alilouliza wakati wa kurudi halikupata jibu zuri. Betri iliyochoka inapelekwa wapi? Ile ya van ya shangazi yake fundi aliichukua ili kuokoa moduli chache zilizo hai. Zilizobaki zilirundikwa nyuma ya gereji pamoja na za magari mengine, na wanunuzi wa vyuma chakavu hawazitaki kwa kuziogopa. Zina nikeli, madini yenye thamani, na zina kemikali ambazo hazifai kutupwa karibu na kisima cha mtu. Serikali inakusanya ushuru wa uchakavu kwa kila gari kuukuu linaloshushwa bandarini. Sehemu ya fedha hizo ingelipia vituo vya kukusanyia betri hizi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na kuwafundisha vijana kama yule wa kiyoyozi katika vyuo vya ufundi vya VETA kabla hawajazishika nyaya za machungwa kwa mara ya kwanza. Magari yenyewe yameshafika, na yanaendelea kushuka kila meli inapotia nanga.